Ushauri: mmea wa kutambaa kwenye fensi utakaozalisha vipepeo, nipo Mwanza

Kiseke_Mawemawe: Wakuu, habari za jioni. Kiwanja changu kipo mlimani, mawe na kichanga, na kuanzia Juni hadi Septemba hakuna kinachobaki kijani bila kumwagilia. Nina fensi ya seng'enge inayopigwa jua kutwa. Nataka mmea wa kutambaa ambao vipepeo watazaliana hapohapo, siyo kupita tu kwenye maua. Watoto wangu wanawapenda mno, na huku kwetu wanazidi kuadimika kila kichaka kinapofyekwa.

Nimesoma kuhusu Funastrum cynanchoides, mmea wa majangwa ya Arizona kule Marekani. Unavumilia ukame na vipepeo hutaga juu yake. Mbegu napataje?

Mwalo_Igombe: Usilete mbegu ya nje, mkuu. Inatakiwa kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na sisi wa ziwani tumeshaona: gugu maji lilitoka Amerika Kusini, leo linaziba mialo.

Bustani_ya_Asili: Mleta uzi, ndugu wa huo mmea tunaye hapa Afrika. Unaitwa Pergularia daemia, hupenda sehemu kavu, vichakani na kwenye fensi za zamani. Majani yana umbo la moyo na vinyweleo, ukiyafikicha yananuka vibaya, ukikata shina linatoa utomvu mweupe. Matunda yana miibamiiba laini na mara nyingi hukaa mawilimawili.

Anayetaga hapo ni Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe. Wa Arizona, Danaus gilippus, ni wa ukoo uleule. Kiwavi wa huyu wetu hutamtazama mara moja ukaondoka: pete nyeusi, nyeupe na njano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni. Sumu ya majani anaihifadhi mwilini, na ndege akimwonja humtema.

Majani yataliwa, wiki mbili hivi shina linaweza kubaki tupu. Tafadhali usipulize dawa, utaua hao hao unaowataka. Panda mashina matatu au manne ili moja likiliwa mengine yawepo. Vidukari wakijaa, waondoe kwa maji na vidole.

Ukipata nafasi panda na marejea (mmea wa Crotalaria). Madume hunyonya kwenye majani yake yanayonyauka, humo wanapata kemikali za kutengenezea harufu ya kuwavuta majike.

Mama_Wawili_Nyegezi: Mdogo wangu, huo utomvu ukiingia jichoni unaumiza vibaya, na mmea wenyewe ni sumu ukiliwa. Kata ukiwa na glavu. Uweke mbali na banda la mbuzi, na watoto waelezwe mapema kwamba kiwavi anatazamwa, majani hayachumwi.

Kiseke_Mawemawe: Asanteni sana, dada shikamoo. Basi ya Arizona naachana nayo. @Bustani_ya_Asili, mbegu nazitoa wapi, na nipande lini?

Bustani_ya_Asili: Tafuta matunda yaliyokauka na kuanza kupasuka kwenye vichaka vya mawe huko huko mlimani kwenu. Ndani mbegu zina nywele kama sufi, zifunge kwenye karatasi kabla upepo haujazichukua. Omba mwenye eneo, na usimalize matunda yote. Sia vuli ikianza, Oktoba, juujuu tu, mahali maji yasipotuama. Mche ukifika kimo cha goti uelekeze kwenye waya, na ukishika usiumwagilie kila siku, mizizi itaoza.