Chama cha wafanyakazi kinatukata asilimia 2 ya mshahara kila mwezi, mgomo umeanza katibu kazima simu

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka, mtanivumilia kwa makosa ya uandishi.

Kiwandani kwetu (jina sitaji, bado nawadai mshahara) tumegoma tangu Jumatatu. Mkataba wa hali bora, ule wa chama na mwajiri, unasema nyongeza iingie mwezi wa saba, mpaka leo kimya. Katibu wa tawi akatuita chini ya mwembe: "Zimeni mashine, sheria iko upande wetu." Tukazima.

Kesho yake alfajiri Kosta mbili zikaingia getini zimejaa vibarua wa wakala. Mmoja kavaa ovaroli yangu! Namba ya kabati niliyoiandika mwenyewe mgongoni kwa maka peni naiona hivi hivi.

Vijana wakataka kuwashushia kipigo. Jamani, kibarua wa kulipwa kwa siku kakosa nini? Kaokotwa kijiweni usiku, hata kama kuna mgomo hajui.

Wa kulaumiwa ni chama. Sheria yetu Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 76, inamkataza mwajiri kuingiza watu mbadala kwenye mgomo HALALI. Ili uwe halali, mgogoro upelekwe kwanza CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), usuluhishi upewe siku 30, ukishindikana wanachama wapige kura, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Nimekwenda CMA mwenyewe kuuliza. Hakuna fomu yoyote iliyofunguliwa na chama chetu. Kura sijaiona. Notisi eti katibu "aliongea na meneja". Kwa hiyo wakosaji ni sisi, Kosta zinaingia kwa raha zao, na kila aliyezima mashine anaweza kupewa barua ya kufukuzwa. Na msitushauri kuziba geti, kifungu hicho hicho kinakataza.

Mnakumbuka madaktari wa Kenya 2017? Wamegoma siku 100, mgomo umeisha tu, serikali yao ikaja kuomba madaktari 500 wa huku, Rais Magufuli akakubali. Wenzetu hawakurusha jiwe hata moja. Walikwenda mahakamani, mpango ukasimamishwa, na Magufuli akaishia kuwaajiri hapa hapa nyumbani 258 waliokuwa wameomba kwenda. Karatasi tu hizo! Sisi tuna chama chenye ofisi, gari na fulana za Mei Mosi, kujaza fomu moja kimeshindwa.

Tangu jana katibu hapatikani. Mwenyekiti anapokea, anasema "tuvute subira, wakubwa wanazungumza". Wanazungumza nini na nani, wakati kazi inaendelea ndani?

Nilitaka kujitoa, HR kanichekea: hata nisipokuwa mwanachama nitakatwa, itaitwa ada ya uwakala, inakwenda chama hicho hicho.

Mwenye uzoefu anisaidie: kuna aliyewahi kukishtaki chama chake kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi akasikilizwa? Na tukirudi kazini kesho kabla barua hazijatoka, tunapona au ndiyo tumekwisha?