Prednisoni badala ya prednisoloni kwa mgonjwa wa ini, naomba ushauri

Wakuu habarini. Mama yangu mkubwa anatumia prednisoloni kwa sababu kinga ya mwili wake inashambulia ini, na ini lenyewe limeshaanza kupata makovu. Dawa zinakaribia kuisha. Binamu yangu katuletea prednisoni kutoka Marekani, miligramu zilezile, na ndugu wanasema ni kitu kimoja, apewe tu.

Nilivyosoma, prednisoni haifanyi kazi mpaka igeuzwe kuwa prednisoloni, na kazi hiyo hufanywa hasa na ini, kwa kimeng'enya kiitwacho 11-beta-haidroksisteroidi dihaidrojenasi aina ya 1. Hichohicho hugeuza kotisoni ya mwilini kuwa kotisoli. (Figo nazo zina aina ya 2, inayofanya kinyume!) Kwa mwenye ini zima, miligramu 5 za hii huhesabiwa sawa na 5 za ile. Je, kwa ini lenye makovu?

Wafamasia na madaktari, mmewahi kumbadilishia mgonjwa wa namna hii? Kuna kipimo cha kufanya kwanza? Kuacha ghafla najua ni hatari, ndiyo maana nauliza mapema kabla hazijaisha.