Naomba ushauri: projesteroni siku ya 21 kwa mzunguko wa siku 38

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wenzangu.

Kuna mama wa miaka 31, anatafuta mtoto wa kwanza, huu ni mwezi wa 14. Hedhi yake huja kila baada ya siku 35 hadi 41. TSH (kipimo cha tezi ya shingo) na prolaktini (homoni ya maziwa) viko sawa. Kapimwa projesteroni (homoni inayopanda baada ya yai kutoka) siku ya 21, ikatoka chini; akaambiwa hapevushi mayai, akaandikiwa klomifeni 50 mg, dawa ya kuchochea mayai yapevuke. Hajaanza kuinywa.

Hapo ndipo ninapokwama. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo, si siku ya 14 tangu hedhi ianze. Kwa mzunguko wa siku 38 ni kama siku ya 24, kwa hiyo huenda damu ilichukuliwa yai halijatoka kabisa! Na ute mwepesi, unaovutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi, anauona siku ya 22 au 23. Vijiti vya mkojo vya LH (homoni inayopanda yai likikaribia kutoka) alianza siku ya 10, pakiti ya vijiti saba ikaisha siku ya 16. Mapema mno.

Mume hajapima mbegu, anasema yeye mzima (haya mnayajua).

Naomba kujua:

Damu irudiwe mara moja siku ya 31, au ianze siku ya 28 kisha kila wiki mpaka hedhi ije?

Na klomifeni isubiri mpaka mume apime, au kuna sababu ya kuianza sasa?