Uvimbe wa titi usio saratani kwa wasichana: tupeane uzoefu

MamaTumaini: Wapendwa, aliyepitia hili, yeye au binti yake, naomba aandike hapa. Naanza mwenyewe.

Binti yangu ana miaka 14. Ndani ya miezi mitatu titi la kushoto lilizidi la kulia kwa mbali, akawa havui sweta hata kwenye joto kali. Tulikoenda kwanza walisema ni homoni, yatalingana yenyewe. Lakini nilishaona ngozi ilivyovutika ikang'aa, mishipa imejitokeza, sikutulia. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe mmoja wa sentimita 9. Wakachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano, jibu likaja faibroadenoma, ile ya wasichana inayokua kwa kasi. Si saratani. Nililia palepale kwenye benchi.

Hofu iliyobaki ilikuwa kukatwa titi. Hawakulikata. Daktari alipasua kwenye mkunjo wa chini, uvimbe ukatoka mzima kama yai lililomenywa. Mwanzoni titi lililegea, ila mwezi baada ya mwezi ngozi inajirudi.

Kipepeo22: Pole mama, na hongera kwa kutotulia. Mimi sindano ilisema faibroadenoma, nikaambiwa nirudi baada ya miezi sita. Sikufika huko, sidiria ilishaanza kunibana upande mmoja. Ulipotolewa ukapimwa wote, ikawa uvimbe wa filodesi, aina isiyo saratani. Nilihisi nimedanganywa. Daktari akanieleza kwamba hizi mbili zinafanana sana, na sindano hunyofoa vipande vidogo tu. Filodesi mara nyingi hutolewa pamoja na ukingo wa nyama yenye afya inayoizunguka, maana inaweza kuota tena palepale. Wangu haukuachiwa ukingo wa kutosha, ukarudi baada ya mwaka, nikapasuliwa tena. Jamani, majibu ya maabara baada ya upasuaji yafuateni, msiyaache kwenye faili.

Mama Wawili: Sisi tulinusurika. Mwanangu wa miaka 9 alikuwa na kitu kigumu kama kifungo nyuma ya chuchu, upande mmoja, kinauma akigongwa. Tulishapangiwa siku ya upasuaji! Daktari mwingine akakipapasa, akauliza umri, akasema hilo ni titi linaanza kuota, na upande mmoja kutangulia ni kawaida. Kikikatwa kile kifundo, titi linaweza lisikue maisha yake yote. Miezi mitano baadaye la pili likatokeza. Nikikumbuka nilivyoshika kalamu kutia saini, mwili unanisisimka hadi leo.

Subira: Mimi ilikuwa papilomatosisi ya vijana, ile ya vifuko vingi vya maji, ikikatwa ina matundu matundu. Si saratani, ila waliniuliza sana kama mama au shangazi wamewahi kuugua saratani ya titi, maana wengi wenye aina hii wana historia hiyo kwenye ukoo. Naendelea kuchunguzwa kila mwaka.

Mgeni_Hapa: Mdogo wangu ana miaka 17, ana kivimbe titini, kinateleza akikigusa, hakiumi. Tumpeleke mamografia, ile eksirei ya titi?

Kipepeo22: Aanze na ultrasaundi, dada. Umri huo titi limejaa tezi, mamografia huonyesha weupe tu. Na kila mkienda mwombe waandike ukubwa kwa milimita, ili safari ijayo mlinganishe.