MJADALA: Laptopu za ex-UK ziwekewe kikomo cha umri kama magari?

Mwanzisha mada, Kisumu

Wadau, kila vyuo vikikaribia kufunguliwa hoja hii hurudi. Magari ya mtumba hayaruhusiwi kuingia Kenya yakishapitisha miaka 8, basi mbona laptopu za ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, ziingie na umri wowote ule? Wanaotaka kikomo wana sababu nzito. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na ukipita Oginga Odinga Street leo bado utauziwa mashine ambayo haiwezi kupandishwa rasmi hadi Windows 11.

Hata hivyo mimi napinga kikomo cha umri, na napinga kwa nguvu, kwa sababu kitamwumiza yule yule mnunuzi tunayetaka kumlinda.

Chukueni mashine mbili. Ya kwanza ni mpya kabisa, bado iko kwenye karatasi: prosesa ya Celeron N4020, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC, nayo imechomelewa. Hizo GB 4 na GB 64 ndizo kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11. Masasisho yakija mara moja mbili nafasi inajaa, mwanafunzi anaanza kufuta kazi zake, na hakuna fundi wa kumsaidia kwa kuwa hakuna kitu cha kuchomoa wala cha kuongeza. Ya pili ni ThinkPad T480 iliyotoka 2018. Ukifungua mfuniko wa chini unakuta nafasi mbili za RAM na hifadhi ya SSD inayotoka kwa skrubu. Ina betri mbili, na ile ya nyuma unaichomoa kwa kusukuma vishikizo viwili kwa vidole, hata bisibisi huhitaji. Prosesa yake kwa kawaida ni ya kizazi cha 8, na ikiwa hivyo Windows 11 inaipokea bila ubishi.

Sasa weka kikomo cha miaka 8. Utakuwa umeifungia nje T480 na kuiachia ile Celeron soko lote. Hiyo siyo haki kwa mzazi aliyeuza mahindi ndipo akapata pesa.

Ninachotaka sheria idai ni ukweli kwenye risiti. Mashine inabandikwa stika ya "Core i5", basi, hayo ndiyo maelezo yote. Kumbe i5-6300U ni ya kizazi cha 6 na i5-8350U ni ya kizazi cha 8. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayoamua kama utapata Windows 11 au hutapata, na ndiyo inayofichwa. (Kuanzia kizazi cha 10 kwa kawaida ni tarakimu mbili, kama i5-10210U.) Muuzaji aandike namba kamili ya prosesa, hali ya betri, na waranti ni ya muda gani. Umri pekee haumwambii mnunuzi lolote.

Mkazi wa Nakuru

Ndugu, umeongea kama mtu anayejua mashine, na hapo ndipo shida ilipo. Wanunuzi wengi hawajui. Kikomo cha umri kinamlinda asiyejua bila kumwuliza maswali. Risiti yako itaandikwa uongo, kama vile mita za kilomita za magari zinavyorudishwa nyuma.

Pili, hujagusa taka. Tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka, unataka taka zote za kielektroniki, ziwe na sumu au zisiwe nayo, zisivushwe mpaka bila idhini ya nchi inayozipokea. Lakini shehena ikiandikwa "bado zinafanya kazi", hiyo si taka tena, inapita. Inafika hapa, inafanya kazi mwaka mmoja, halafu? Mimi naishi upande wa jaa la Gioto. Betri zilizofura zinatupwa pamoja na maganda ya viazi, na kuna watu wanaookota humo kwa mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema mwenye kuleta bidhaa sokoni abebe jukumu lake hadi mwisho wake. Nionyesheni muuzaji wa ex-UK anayepokea betri kuukuu.

Fundi, Kondele

Naomba niseme kama mtu anayezifungua kila siku.

Dada wa Nakuru, hizo za zamani ndizo stoo yetu ya vipuri. HP EliteBook 840 G3 ikifa bodi, kioo chake kinahamia kwa nyingine, kibodi inahamia, RAM inahamia. Kioo nakipata kibanda cha pili kwa jirani. Lakini nikiletewa laptopu mpya ya bei rahisi, ya jina ambalo hata mimi silijui, kioo lazima kiagizwe, na bei yake inakaribia bei ya mashine. Mteja anaiacha hapo hapo mezani, harudi. Hiyo ndiyo inayogeuka taka haraka, na ilikuja ikiwa mpya.

Tena huku kwetu kuna radi na stima ya kupotea na kurudi kwa kishindo. Chaja zinaungua. Mashine ambayo chaja yake iko kila duka ina faida ambayo haiandikwi kwenye tangazo lolote.

Lakini Mwanzisha mada, usiwapake wenzangu mafuta. Wako mafundi wanaolazimisha Windows 11 kwenye kizazi cha 6, inawaka vizuri, mteja anafurahi, na hakuna aliyemwambia kwamba Microsoft haimhakikishii masasisho. Ni vibaya. Mwambie ukweli, kisha mpe njia: ajiandikishe kwa masasisho ya ziada ya Windows 10, yanayofika tarehe 13 Oktoba 2026, au umwekee Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Kwa kuandika na kusoma mtandaoni inatosha kabisa, ila aulize kwanza kama kozi yake ina programu inayotaka Windows.

Mama, Bungoma

Wanangu, mnabishana juu ya sheria na mimi nanunua Jumamosi. Kijana wangu anaingia Chuo Kikuu cha Kibabii. Nimeonyeshwa hiyo hiyo 840 G3, elfu ishirini na kitu, naambiwa ni "i5 safi". Nichukue au niache?

Mwanzisha mada, Kisumu

Mama, shikamoo. Iache kama unaweza kuongeza kidogo upate 840 G5 au T480 yenye prosesa ya kizazi cha 8. Kama pesa ndiyo hiyo tu, si mashine mbaya, lakini ni ya kizazi cha 6, kwa hiyo usikubali bei ya kizazi cha 8.

Nenda na kijana. Chaja ichomolewe, mashine iwake kwa betri peke yake wakati mnaongea bei. Aifungue Command Prompt, aandike powercfg /batteryreport, kisha afungue ripoti itakayotokea: alinganishe uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani na ule ilio nao leo. Ikiwa chini ya nusu, wabadilishe betri au washushe bei. Halafu aizime, aiwashe upya akibonyeza F10 kwa HP, au F1 kwa ThinkPad, ili aingie kwenye mipangilio ya ndani ya mashine (BIOS). Ikidai nenosiri hapo, bado ina kufuli la kampuni iliyoitumia Ulaya. Usiinunue hata kwa nusu bei. Yote yakiwa sawa, namba ya prosesa na muda wa waranti viandikwe kwenye risiti mbele yako. Akikataa kuandika, nenda duka la pili.

Dada wa Nakuru, mita ya gari inadanganya kwa sababu mnunuzi hana namna ya kuikagua pale pale. Prosesa unaisoma kwenye skrini muuzaji akiwa amesimama hapo. Uongo ulioandikwa kwenye risiti unageuka ushahidi, ilhali leo mama huyu akirudi dukani hana hata mstari mmoja wa kuonyesha. Kuhusu betri, umenishinda. Mwagizaji alazimishwe kuzikagua kabla hazijapakiwa, na azipokee zikichakaa, awe anauza mpya au mtumba.

Mkazi wa Nakuru

La prosesa nakubali. La betri usilimalize kwa neno moja. Nataka kusikia zitapokelewa wapi: mama akiwa Bungoma na betri imefura mwakani, aipeleke mlango gani, na nani atamlipia nauli?

Fundi, Kondele

Mimi ninazo kwenye ndoo ya mchanga hapa nyuma ya kibanda, kwa sababu sijui pa kuzipeleka. Mwenye kujua mahali Kisumu panapozipokea kihalali aseme, nizipeleke kesho.