Szent-Györgyi wa Hungaria, mwanasayansi aliingiaje siasa?

Wakuu, huyu Albert Szent-Györgyi wa vitamini C, Nobel 1937, nasikia baadae akawa mbunge, ilikuaje?

— Mkuu vita ndo ilimtoa maabara. 1943 akaenda Istanbul, kisingizio mhadhara, kumbe anaongea kisirisiri na Waingereza nchi yake iachane na Hitler, ikavuja, akaishi kwa kujificha mpaka Wasovieti wanaingia. 1945 akawa bungeni, ila wakomunisti walivyozidi kubana akasepa Marekani 1947.

— Na vitamini yenyewe aliipata kwa wingi kwenye pilipili za Szeged, mji wa huko Hungaria, mwenyewe alisimulia mkewe kamwekea mezani, hakutaka kula, akaibeba maabara 😂

— Siasa hazikumfaa, huko Woods Hole, Marekani, alirudi kwenye utafiti mpaka kufa 1986.