CEA (kipimo cha damu cha alama ya saratani) ya mzee 11.8 kabla ya upasuaji, saratani imeshasambaa?

Wakuu, mzee wangu ana saratani ya utumbo mpana, anapasuliwa wiki ijayo. Karatasi ya maabara inasema CEA 11.8, kawaida chini ya 5. Usingizi sina.

— Pole sana mkuu. Namba hiyo peke yake haithibitishi kusambaa. Ikiwa juu kabla ya kisu, hatari ya ugonjwa kurudi huwa kubwa zaidi, ila hatua ya saratani hupimwa kwa picha za CT na tezi za limfu zitakazotolewa. Mzee anavuta?

— Anavuta, tena ya kusokota mwenyewe!

— Basi sigara nayo hupandisha CEA. Pimeni tena wiki 4 hadi 6 baada ya upasuaji, maabara ileile. Ikigoma kushuka, daktari atatafuta kilichobaki.